Niuze cherehani moja nikapige picha ya mgongo?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41. Kwa miaka kumi na mitatu nilishona kiwandani, na bima ya afya nilikuwa nayo kupitia mwajiri. Mkataba ulipokwisha haukurudiwa, na bima ikaenda nao. Sasa nashonea nyumbani kwa cherehani zangu mbili, moja ya kawaida na moja overloki. Mimi na wanangu wawili tunakula kwa hizo.

Mgongo ulinianza wiki tatu kabla mkataba haujaisha. Nilinyanyua robota la kitambaa pale kiwandani, nikasikia kiuno kimeshika. Zahanati ya kiwanda wakanichoma sindano, wakaandika kwenye kadi yangu, nikarudi kazini. Huu sasa ni mwezi wa kumi na nne. Maumivu yanakaa kiunoni, siku nyingine yanashuka kwenye tako la kulia hadi pajani, ila goti hayavuki. Nikikaa kwenye cherehani saa nzima, siwezi kuinuka bila kushika meza. Asubuhi naamka nimekakamaa kama ubao.

Hela yote imeishia huko. Nimenunua mkanda wa mgongo, nimenunua mafuta ya kuchua ya kila aina. Duka la dawa wananipa diklofenaki, nameza karibu kila siku. Maumivu yakizidi wananichoma sindano, au wananifungia vidonge vya mchanganyiko kwenye karatasi. Siku hizi nikimeza tumbo linawaka. Kuna mahali nilivutwa mgongo kwa mashine mara nne, nikaishiwa kabla ya ile ya tano. Dada yangu naye alinilaza sakafuni mwezi mzima. Mgongo ulibaki vile vile, mbavu ndizo zikaanza kuuma.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda hospitali binafsi. Eksirei ikatoka, daktari akaitazama dakika mbili, akasema pingili zangu "zimesagika", nikafanye MRI, ile picha ya ndani inayopigwa kwa mashine kubwa ya sumaku, kisha nionane na mpasuaji. Tangu siku hiyo naogopa hata kuinama kuokota uzi. Bei ya MRI niliyotajiwa ni mapato yangu ya miezi mitatu. Nimepata mtu wa kuinunua overloki. Akilipa, MRI imepatikana, ila nitabaki na cherehani moja, na kazi za sare sitaweza kuzichukua tena.

Nimepungua kidogo pia. Nadhani ni mawazo, maana usingizi siupati.

Niuze? Mnunuzi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Aliyeshika Meza

*

Marahaba, mwanangu.

Mwambie mnunuzi hapana. Sababu nitazitoa, lakini kwanza kuna sentensi umeidokeza mwishoni kama jambo dogo, nami imenishtua kuliko habari zote za MRI.

Umesema umepungua. Huenda kweli ni mawazo, maana anayeumwa na asiyelala hula kwa kusukumiza. Lakini mgongo wa miezi mingi ukifuatana na kupungua mwili hauachwi hivi hivi. Kifua kikuu hakiishi mapafuni tu. Huweza kuingia kwenye pingili za uti wa mgongo, na mtu akawa nacho huko bila hata kukohoa. Saratani ya sehemu nyingine ya mwili nayo huweza kuhamia kwenye mifupa ya mgongo. Wengi wa wanaoumwa kama wewe hawana lolote kati ya hayo, na sidhani unalo. Ila sidhani yangu si kipimo.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza iende hapa. Tafuta mzani wiki hii, linganisha na uzito ulioandikwa kwenye kadi yako ya zamani. Kisha nenda kituo cha afya au hospitali ya umma, uonane na daktari wa kawaida. Mpasuaji bado. Mweleze kwa maneno machache: mgongo miezi kumi na minne, nimepungua kilo kadhaa, jasho la usiku na homa za jioni ninazo au sina. Akubonyeze na kukugonga uti pingili kwa pingili, apime nguvu na ganzi za miguu, achukue damu kuona kama kuna dalili za maambukizi au uvimbe mwilini. Na aitazame tena ile eksirei. Umeilipia, ni mali yako, nenda nayo kila unakokwenda. Yote hayo kwa pamoja, katika hospitali ya umma, kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei ya MRI. Ikionekana ni kifua kikuu, nchi nyingi hutoa dawa zake bure kwa kila mtu, awe na bima asiwe nayo. Na daktari huyo akishakugusa akaona shaka, hapo MRI itakuwa na sababu yake, na ndipo tutakapotafuta njia ya kuilipa.

Dalili nyingine hazingoji hata kesho. Ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli. Mkojo kukataa kutoka, au mkojo na choo kutoka bila wewe kujua. Miguu kulegea. Moja ya hizo ikitokea, usiku huo huo nenda idara ya dharura, habari ya malipo itakuja baadaye. Mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti inakuwa imebanwa, na inayoiokoa ni kuwahi upasuaji. Siku kama hiyo uza overloki, uza na meza. Kwa uliyoniandikia, siku hiyo haijafika.

Sasa hilo neno "zimesagika". Mimi naamini limekuumiza kuliko robota. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za watu 3,110 waliopigwa picha za uti wa mgongo ilhali hawaumwi. Kwa wenye umri kama wako, miaka 40, watu 68 kati ya kila 100 walikuwa na diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa, na 50 kati ya 100 walikuwa na diski iliyotuna. Vijana wa miaka 20 nao, 37 kati ya 100 diski zao zilishaanza kuchakaa. Wote hao walikuwa wanatembea, wananyanyua, wanacheza ngoma, bila habari. Wewe ni fundi, unajua suruali iliyofifia magotini haijachanika. Picha ya mgongo wako imeonyesha kufifia. Daktari alikuwa na haki ya kukuambia alichokiona, lakini alikuwa na wajibu wa kukaa nawe dakika tano zaidi akueleze maana yake, maana mgonjwa akishasikia "zimesagika" hujikunja kwa woga, na misuli iliyokazwa kwa woga kutwa nzima ni maumivu mapya juu ya yale ya zamani.

Okota uzi, mwanangu. Inama uuokote.

Kuhusu MRI yenyewe, muulize anayekuandikia swali moja: majibu yakitoka, matibabu yangu yatabadilika vipi? Akikujibu jambo mahsusi, kwamba anashuku kitu fulani na kikionekana atafanya hivi, msikilize. Akisema "tutaona", hifadhi hela yako. Picha hiyo ina kazi pale kuna dalili za hatari nilizozitaja, au pale maumivu yanaposhuka mguuni kupita goti pamoja na ganzi au udhaifu usiopungua, na upasuaji unafikiriwa kweli. Yako yanaishia pajani. Shirika la Afya Duniani linasema maumivu ya kiuno, karibu mara 9 kati ya 10, hayana ugonjwa mmoja au jeraha moja unaloweza kulinyooshea kidole. Hapo mpasuaji atapasua nini?

Shirika hilo hilo, Desemba 2023, lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji, yaani yale yaliyozidi miezi mitatu. Yaliyopendekezwa ni mazoezi, mgonjwa kuelimishwa ajitunze, tiba za mikono kama kukandwa na kunyooshwa viungo, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, jamii ya ibuprofeni. Yaliyokataliwa kama tiba ya kawaida ni mikanda ya mgongo, kuvutwa kwa mashine, na dawa za jamii ya afyuni. Weka orodha hiyo kando ya risiti zako, utatamani kulia. Usilie, umelipia somo ambalo wengi wenye bima bado wanalilipia. Yanayosaidia zaidi mgongo wa aina yako ndiyo rahisi kuuzwa vibaya, kwa sababu hayana mashine ndani yake.

Dada yako mwambie asante, ila urudi kitandani. Mwaka 2003 huko Uhispania walilinganisha godoro gumu na la ugumu wa wastani kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, na wa godoro la wastani wakapata nafuu zaidi. Sasa sakafu?

Nirudi kwenye dawa, kwa sababu hapa umo hatarini na hujijui. Diklofenaki ni ya jamii hiyo hiyo ya ibuprofeni, lakini ya karibu kila siku kwa mwaka mzima si ya mchezo. Hutoboa vidonda tumboni, hupandisha shinikizo la damu, huchosha figo na huweza kuusumbua moyo. Tumbo linalowaka ni onyo. Acha kuimeza mpaka umwone daktari, naye akupime presha na figo. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, ni dharura. Dawa hizi zina nafasi yake: kipimo kidogo, siku chache, baada ya chakula, siku mgongo umechachamaa. Siku hizo chache ni za kukuwezesha kutembea, si za kukuwezesha kukaa kwenye cherehani saa sita bila kuinuka.

Vile vidonge vya karatasi vinanikera. Dawa isiyo na jina usiimeze. Mara nyingine ndani ya mchanganyiko wa namna hiyo huwa na steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, na sindano nazo hivyo hivyo. Ndiyo maana nafuu huja haraka na kuondoka haraka, huku mifupa, sukari na presha vikilipa gharama. Rudi dukani uulize majina, uyaandike, umpelekee daktari. Kama umevimeza kila siku kwa wiki kadhaa mfululizo, usiviache kabla hajaviona, kwa sababu steroidi ikikatwa ghafla mwili huweza kuzidiwa.

Hela yako ya pili iende kwa mwalimu. Namaanisha mtaalamu wa fiziotherapia, na nasema mwalimu kwa makusudi. Hospitali nyingi za umma wanaye, na vyuo vinavyowafundisha mara nyingi huwa na kliniki ambako wanafunzi huhudumia watu kwa gharama ndogo chini ya uangalizi. Ukiingia tu, kabla hujavua viatu, sema: "Sina bima, ninalipa mwenyewe, nitaweza kuja mara mbili tu. Nifundishe ya kufanya nyumbani, uniandikie, halafu nikirudi baada ya mwezi uniongezee." Mtaalamu mzuri atafurahi. Akikuambia lazima ulipie mara kumi za kulala chini ya taa ya joto na waya za umeme, aga kwa adabu. Nimefanya kazi na mashine hizo miaka mingi, na sitazisingizia: mgonjwa akiwa amelala chini yake anaona raha, akifika mlangoni raha imekwisha.

Wakati unasubiri siku ya kumwona, anza kutembea. Mwaka 2024 kulichapishwa utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Nusu walielekezwa na mtaalamu kutembea, wakiongeza polepole hadi dakika 30, siku tano kwa wiki. Kwa hao, muda wa kati kabla maumivu hayajarudi ulikuwa siku 208. Kwa wasioelekezwa, siku 112. Wewe bado unaumwa, kwa hiyo sikuahidi hesabu hiyo, ila mazoezi yanayokufaa nawe ni ya namna hiyo hiyo. Anza na dakika kumi asubuhi na kumi jioni, ongeza dakika mbili kila baada ya siku chache. Utaumwa kidogo, na kuumwa huko si kuharibika. Kipimo ni kesho yake: ukiamka mgongo uko kama kawaida yake, ulifanya sawa. Ukiamka hoi, punguza, usiache. Na siku ukijisikia mzima kabisa, usifue, usideki na kushona sare hamsini kwa pamoja. Naona wagonjwa wengi wakijirudisha nyuma kwa siku nzuri moja.

Nyumbani fanya mawili tu kwanza. Lala chali, kunja magoti, inua makalio taratibu, yashushe, mara nane. La pili, kaa kwenye kiti imara, inuka bila kushika kitu, kaa tena, mara nyingi uwezavyo bila kulazimisha. Mara ya kwanza inaweza kuwa sifuri. Weka kitabu kinene juu ya kiti uongeze kimo, kisha siku zikienda kiondoe.

Na cherehani? Hakuna mkao mmoja mtakatifu, hata ule wa mgongo wima kama mlingoti unachosha ukidumu. Dawa ni kubadilisha. Kila bobini ikiisha, inuka, tembea mpaka mlangoni, rudi. Ukataji ufanye umesimama, kwenye meza inayofika usawa wa kiwiko au chini yake kidogo, usikatie sakafuni. Panga siku yako kwa kuchanganya: shona, kata, piga pasi, shona. Robota lifungue ulibebe kwa mafungu.

Sasa pesa, maana uliniandikia kwa ajili ya pesa.

Umetaja jambo ambalo inaonekana hukuliona. Robota ulilinyanyua ukiwa kazini, mkataba ukiwa hai, na zahanati ya kiwanda iliandika. Kwa nchi nyingi hiyo ni ajali ya kazini, na ina sheria yake ya fidia inayoweza kulipia matibabu hata kama umeshaacha kazi. Kwa kawaida kuna muda wa mwisho wa kudai, na miezi kumi na minne si michache, kwa hiyo hili lisingoje mgongo upone. Toa nakala ya kadi, andika majina ya waliokuwapo siku ile, nenda ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi cha sekta yenu uulize kama bado una nafasi. Kuuliza ni bure.

Hospitalini, uliza jumla kabla ya huduma. Usiseme "ni kiasi gani kumwona daktari", maana utajibiwa hicho tu. Uliza: "Kumwona, vipimo na dawa, vyote pamoja nitatoka na shilingi ngapi?" Kama ni vipimo vinne, uliza kipi kianze na kipi kingoje majibu ya kingine. Dawa iandikwe kwa jina lake halisi, si la kampuni, ndipo uweze kulinganisha bei. Hospitali nyingi kubwa za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii. Huko ndiko husikilizwa wasio na uwezo, na huweza kupunguziwa, kusamehewa au kulipa kidogo kidogo. Nenda mwenyewe kabla ya bili, na karatasi zako mkononi. Ukienda baada ya bili, unaongea kama mdaiwa. Najua utaona aibu. Kaa kwenye lile benchi hivyo hivyo. Waliokaa kabla yako nao waliona.

Ukija kupata nafasi ya kujiunga na bima au mfuko wa afya wa umma, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: muda wa kungoja kabla ya kuanza kutibiwa, na kama mgongo ulioanza zamani utahudumiwa. Usiufiche mgongo kwenye fomu. Wakija kugundua, wanaweza kukataa kulipa hata lile la homa.

Usingizi nao usiudharau, mwambie daktari. Maumivu ya muda mrefu na mawazo hulishana, na kuna watu waliosomea kukata mzunguko huo. Kama hospitali ya umma ina mshauri nasaha, kubali kumwona. Hiyo haimaanishi mgongo wako ni wa kufikirika.

Niandikie baada ya wiki sita. Nataka vitu vitatu: uzito wako, ofisi ya kazi walisema nini, na unainuka kwenye kiti mara ngapi bila kushika meza.